Usimmalize Rosa kwa Siku Moja

Mwanangu, najua una haraka. Mtihani unakaribia, simu inakuita kila dakika, na Rosa Mistika si kitabu kinene. Ukianza asubuhi, jioni umekifunga. Kisha utaandika kwenye daftari kwamba Rosa alikuwa msichana mpole, akaponzwa na tamaa, akajiua. Utaongeza dhamira na ujumbe kama ulivyofundishwa. Mwalimu atakupa alama zako. Na Rosa utakuwa hujamwona.

Ninalokuomba ni dogo. Ukimaliza, usikirudishe kitabu bado. Tafuta Kichwamaji, cha mwandishi huyohuyo, ukisome wiki hiyohiyo. Kisha mweke Kazimoto karibu na Rosa uwatazame wote wawili. Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Kwa miaka niliwasoma kama watu wasiojuana, na kuchelewa kwangu kulimuumiza mtoto wa mtu. Nitakueleza.

Mwandishi wao, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Si mbali na sisi wa Ngara na Biharamulo. Ziwa ni lilelile, na Mzinza wa Biharamulo akimsikiliza Mkerewe akisema kwao anaelewa mengi bila mkalimani. Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971. Kichwamaji kikafuata mwaka 1974. Kezilahabi alipoandika vitabu hivi hakuwa mzee wa kuonya watoto. Alikuwa kijana, anawaandika vijana wenzake, na nadhani ndiyo maana watu wazima wengi walishtuka. Rosa Mistika kilizuiwa shuleni kwa muda. Mwandishi mwenyewe alifariki Januari 2020. Wakati huo nilikuwa nimeshastaafu, na nilivitoa vitabu vyake sandukuni nikavisoma upya, polepole, bila ubao mbele yangu. Haya ninayokuambia nimeyapata katika usomaji huo.

Rosa anatoka Namagondo hiyohiyo. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Mama yake, Regina, ndiye anayeibeba nyumba. Siku moja kijana aitwaye Charles anampelekea Rosa barua. Barua tu, mwanangu. Zakaria anapata habari, na anampiga binti yake kipigo kibaya. Tangu siku hiyo Rosa anajua jambo moja: mwanaume ni hatari, na hata kutazamwa naye ni kosa. Baba haelezi zaidi. Rosa anavuka ziwa kwenda kusoma Mwanza, na fimbo ya baba ndiyo somo pekee alilobeba kuhusu maisha ya kike.

Huku kwetu tunaijua safari ya namna hiyo. Binti wa Ngara aliyechaguliwa shule ya Mwanza alipita Lusahunga, Biharamulo, Bwanga, Geita, kisha akasubiri kivuko pale Busisi na sanduku lake la bati. Tangu Juni 2025 kuna daraja, na kivuko hakisubiriwi tena. Lakini nani alikaa naye usiku wa kuamkia safari akamwambia mambo ya kweli? Katika nyumba nyingi tulimwambia, "Kasome, usituaibishe." Tukafunga mdomo hapo. Nami wangu niliwaambia hivyohivyo.

Siku hofu ilipomwisha Rosa, hakuwa na kitu kingine cha kushika. Wanaume wakamjia, mmoja baada ya mwingine, na wengine walikuwa watu wazima wenye kazi na vyeo. Akatoa mimba. Akaenda chuo cha ualimu Morogoro, mambo yakawa yaleyale. Halafu Rosa akabadilika. Hapa ndipo wasomaji wenye haraka wanapopita mbio. Alitulia. Charles, yule wa barua, akarudi, wakachumbiana. Charles alipogundua kwamba mchumba wake alikwisha kuwajua wanaume, akamwacha. Rosa akajitoa uhai.

Mwaka uleule kitabu kilipotoka, nchi yetu ilipata Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Taifa lilikuwa likipanga umri wa kumwoza binti. Kijana wa Ukerewe alikuwa akiuliza ni nani anayezungumza na binti huyo.

Sasa Kazimoto. Huyu anasimulia mwenyewe, kitabu kizima ni sauti yake. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, amerudi Ukerewe likizo. Tunamkuta akisubiri nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya, anatafuta kazi ya muda. Mkuu wa wilaya ni Manase, aliyekua pamoja naye. Baadaye Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa. Mama yao naye anafariki. Kazimoto anataka kulipa kisasi kwa Manase kupitia Sabina, dada yake Manase, na mwishowe anamwoa huyo Sabina. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kama alivyozaliwa mtoto wa Manase, kwa sababu ya maradhi ambayo baba zao waliyapata kwenye starehe zao wakayaleta nyumbani. Kazimoto naye anajiua.

Katikati ya hayo yote anafikiri. Anamhoji Mungu. Anauliza maisha yana maana gani, na ndoa, na elimu iliyomtenga na watu wa kwao. Wasomi wamemlinganisha na watu wa Albert Camus, yule Mfaransa aliyeandika juu ya binadamu anayetafuta maana na kuikosa. Mimi nilimpenda Kazimoto. Nilikuwa kijana niliyesoma, nimerudi kijijini Ngara, na kila nilipoongea na baba yangu nilisikia ukuta kati yetu. Kazimoto alisema niliyokuwa nayo moyoni. Kwa hiyo nilimsamehe kila kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilifundisha katika sekondari moja ya huku. Jioni niliwakusanya wanafunzi waliopenda kusoma, tukazijadili riwaya hizo mbili. Niliugawa ubao sehemu mbili. Upande mmoja niliandika "Makosa ya Rosa". Upande wa pili niliandika "Falsafa ya Kazimoto". Sikuona shida yoyote. Upande wa Rosa ulijaa upesi. Wavulana walinyoosha mikono hata kabla sijauliza. Alikuwa na tamaa. Hakuwa na msimamo. Alidanganywa na fedha. Alitoa mimba. Niliandika yote, kwa mwandiko mzuri. Upande wa Kazimoto tulienda taratibu na kwa heshima, kila neno tukilipima.

Palikuwa na msichana aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa msomaji kuliko wote. Siku hiyo hakusema neno. Muhula ulipoanza tena, hakurudi. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa na ujauzito, na kwamba mhusika alikuwa mtu mzima mwenye familia yake. Kwa utaratibu wa wakati ule, mimba ilikuwa mwisho wa shule. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021 tu, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi darasani. Kwake yeye tangazo hilo lilichelewa karibu miaka ishirini.

Nilimkuta Biharamulo miaka mingi baadaye. Anashona nguo, ana vyerehani na mafundi chini yake. Alisoma usiku, akafanya mtihani wa maarifa (QT), kisha wa kidato cha nne, akiwa na mtoto mgongoni. Alinipokea vizuri. Aliniita mwalimu. Aliagiza soda. Tukaongea habari za watu tunaowafahamu, na katikati ya maongezi, kwa sauti ileile ya kawaida, akasema, "Mwalimu, siku ile ubao ulijaa."

Sikuhitaji kuuliza siku ipi.

Alinieleza kwamba jioni ile alikuja na nia ya kubaki nyuma wenzake wakitoka. Alitaka kuniambia. Alikuwa bado hajamwambia mtu. Lakini alipoona ninavyoandika, alijua jina lake lingeenda upande gani wa ubao.

Nimelifikiria neno hilo kila wiki tangu hapo. Sikumtukana mtoto yule. Sikumfukuza. Nilikuwa mwalimu mpole, na wanafunzi walinipenda. Nilichofanya ni kusoma kwa haraka, mbele ya watoto, na kuwafundisha nao wasome hivyohivyo. Ndiyo maana nakusihi wewe, msomaji mwenye kasi kuliko mimi.

Ukiwaweka pamoja utaona nililokosa kuona. Rosa na Kazimoto wanakufa kifo kimoja. Kezilahabi hakumpa huyu kaburi la heshima na yule la aibu. Ni sisi tuliogawa. Tulimlilia Kazimoto kwa sababu alituambia maumivu yake kwa maneno mazuri. Rosa hatukumsikia hivyo. Kazimoto anasema "mimi" toka ukurasa wa kwanza. Rosa anasimuliwa. Tunaambiwa alivyotembea, aliyelala naye, alivyozungumzwa. Mtu anayesimulia mwenyewe anaonekana ana mawazo, na mtu anayesimuliwa anaonekana ana tabia. Ukisoma tena, jaribu kumpa Rosa ile "mimi". Chukua ukurasa ule baada ya kipigo, ujiulize yeye angesema nini kama angeulizwa. Utakaa hapo muda mrefu.

Kuna la pili, na hili lilinikata maini. Soma Kichwamaji mara tu baada ya Rosa Mistika, utagundua kwamba Kazimoto umeshamwona. Ni mmoja wa wale wanaume. Katika kitabu cha kwanza wanapita tu kwenye maisha ya Rosa, hatujui wanafikiri nini. Katika cha pili mwandishi anaingia ndani ya kichwa cha mmoja wao na kukaa humo. Na tunakuta nini? Tunakuta mtu aliyefiwa, msomi, mwenye uchungu wa kweli juu ya dada yake, ambaye anaugeuza uchungu huo kuwa mpango juu ya dada wa mwenzake. Rukia alipoharibiwa, Kazimoto aliona dhambi kubwa. Alipomfikiria Sabina, aliona njia ya kumfikia Manase. Mawazo yake yote makubwa juu ya Mungu na dunia hayakumzuia. Sidhani mwandishi alitaka tumchukie. Alitaka tumjue, na kumjua mtu ni kazi ngumu zaidi. Lakini mimi nilimjua nusu tu, ile nusu inayofanana na mimi.

Kijana wa kiume unayenisoma, hapa ndipo ninapokuomba utulie. Uchungu wako ni wa kweli. Kama baba yako hakukusikiliza, ni kweli. Kama wenzako wamepata kazi na wewe unasubiri nje ya ofisi ya mtu mliyecheza naye mpira, inauma kweli. Uchungu huo hautoi ruhusa ya kumtumia binti wa mtu. Nimewaona vijana wema wakipotea kwenye njia hiyo, wakiamini kwamba kwa kuwa wameumizwa hawawezi kuumiza.

Na wewe binti, wewe uliyekaa karibu na dirisha: kama kuna jambo umelibeba, si lazima uliseme kwa mtu mkali wala kwa mtu mwenye maneno mengi. Tafuta anayeweza kukaa kimya.

Hilo nililiona kwa mama yangu. Siku zile za mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja, wakikimbia vita Rwanda. Hatukuwa tumeona kitu kama kile. Barabara ilikuwa vichwa vya watu, magodoro na ng'ombe, mpaka Benaco, na kambi ikaota pale kama mji. Msichana mmoja wa umri wa sekondari aliachwa na kundi lake karibu na kwetu, miguu imevimba. Mama akamwingiza ndani. Kihangaza na Kinyarwanda vinasikilizana, kwa hiyo hapakuwa na shida ya lugha. Shida ni kwamba hakusema kitu. Sisi vijana tulitaka kujua. Tulimzunguka na maswali: umetoka wapi, nani amebaki, umeona nini. Mama akatufukuza. Kila asubuhi alimwekea ungo wa maharage, akaketi naye wakachambua. Mama aliongea juu ya maharage, juu ya mvua, juu ya kuku aliyeacha mayai. Hakumuuliza hata swali moja. Zilipita wiki. Siku moja yule msichana akaanza kusema, na alisema mpaka giza likaingia, na mama hakumkatiza wala hakutoa ushauri. Baadaye alipata ndugu zake kambini akaenda. Mimi nilikuwa na elimu kuliko mama. Miaka michache baadaye nilisimama mbele ya ubao, nikawa na maneno mengi, na mtoto aliyetaka kusema akanyamaza.

Ukiwasoma Rosa na Kazimoto, tafuta yule mtu wa ungo. Pekua ukurasa kwa ukurasa. Rosa anapendwa na mama yake, hilo ni kweli, lakini Regina mwenyewe anapigwa katika nyumba ileile. Kazimoto ana marafiki wa kubishana nao, ana mke. Kubishana anakuweza. Kusema kwamba anaogopa, hawezi. Mmoja alinyimwa nafasi ya kusema, mwingine alisema sana na hakusema lililomuuma. Naona wamefika mahali pamoja kwa sababu hiyo, kuliko kwa sababu ya tamaa ya huyu au falsafa ya yule. Wapo watakaonipinga, na hoja zao ni nzuri; watasema Kazimoto anaangamizwa na fikra zenyewe, kwamba mwandishi alitaka kuonyesha maisha yasiyo na maana. Labda. Lakini mimi nimezeeka, nimezika watu, na sijaona mtu aliyeuawa na swali juu ya Mungu alipokuwa na mtu wa kuliuliza naye.

Unaijua butura. Mkulima ana shida leo, ada ya mtoto au mgonjwa hospitali ya Murugwanza, basi anauza kahawa ikiwa bado ua mtini. Mnunuzi anapanga bei ya kitu ambacho hakuna aliyekiona kikiiva. Msimu ukifika matawi yamejaa, na si yako. Charles alimfanyia Rosa hivyo, akampangia bei kwa ua la msimu uliopita. Ubao wangu ulifanya hivyo. Na lililo zito zaidi, Rosa mwenyewe alifanya hivyo. Alikuwa kijana. Alikuwa mwalimu mwenye kazi yake. Alishaanza kubadilika. Kwa uchungu wa siku hizo chache aliamua thamani ya miaka yote ambayo hakuwa ameiona. Yule mwanafunzi wangu wa Biharamulo naye alipita kwenye uchungu wa namna hiyo, aliniambia. Yuko hai, mwanawe amemaliza chuo, na anabishana na wateja juu ya mishono. Sisemi ilikuwa rahisi. Nasema palikuwa na msimu mwingine.

Kwa hiyo wakati wowote wazo la kujitoa uhai likikujia, mwanangu, lichukue kama jambo la kumwambia mtu usiku huohuo, si la kusubiri asubuhi. Mwambie mama, shangazi, mwalimu, nesi wa zahanati, padri, shehe, yeyote. Akikucheka au akikukaripia, mwendee mwingine, usiishie kwa mmoja. Kuna namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, haitozi chochote, unaweza kupiga bila kutaja jina. Na kama rafiki yako amenyamaza ghafla, nenda kaketi naye. Beba kitu cha kufanya kwa mikono.

Basi nenda sasa na vitabu. Anza na Rosa Mistika. Ukifika pale Rosa anapobadilika, simama siku nzima, usigeuze ukurasa, ufikirie ungemwambia nini Charles kama angekuwa kaka yako. Ukimaliza, ingia Kichwamaji, na kila Kazimoto anapomtaja mwanamke, weka alama ya penseli pembeni: anamwona mtu, au anaona njia? Nakala yangu ya Kichwamaji imechakaa, lakini kurasa zote zipo. Ukipita Ngara mjini Jumamosi, niulize pale sokoni, wananijua. Nitakuazima, uje nayo tukae tuongee, na safari hii utaanza wewe.